Mama Yangu, Mwosha Maiti wa Ngamiani

Tangu mama afariki mwaka 2018, watu wananiuliza swali lile lile: umri wake wote aliosha maiti wangapi? Wanauliza kwa mapenzi, wengine wakitaka idadi ya kutaja kwenye hitima. Hakuna ajuaye. Mama alikuwa na kaunta buku nene, na humo aliandika kila shilingi iliyoingia na kutoka kwenye mfuko wa sanda: bei ya bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, bei ya kafuri na pamba, nani ametoa, nani bado. Jina la maiti hakuliandika hata siku moja. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango akioga. "Mtu nimeshamsitiri," alisema, "halafu nimwandike, ili asomwe na nani?"

Nataka kuieleza kazi hiyo kwa sababu nimeona inasifiwa bila kueleweka. Msibani watu husema "Mungu amlipe mwosha", kisha wanaendelea na yao. Kinachofanyika chumbani, tangu maji yanapotengwa jikoni hadi jeneza linapotolewa, hakizungumzwi, na ni vizuri kisizungumzwe. Lakini yapo mambo mama aliyoniachia ambayo hayamhusu maiti yeyote. Yanatuhusu sisi tuliobaki, na hayo sioni sababu ya kuyafungia.

Mama alizaliwa Moa, pwani ya Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya, katika familia ya Kidigo ya wavuvi. Qur'ani alisomeshwa na bibi yake, na kwa bibi huyo huyo akajifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wengi wa pwani kabla yake. Skuli aliishia darasa la nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaolewa na baba, Mbondei wa Muheza aliyekuwa fundi kwenye kiwanda kimoja mjini Tanga, akaletwa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba ilikuwa ya mkwe wake: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani kuna jiko, choo, karo na mti wa mkunazi.

Mkwe huyo, bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyekuwa mwosha wa mtaa. Hakumfundisha mama kwa kumkalisha darasani. Kwa muda mrefu kazi ya mama ilikuwa kuchota maji na kuchuma majani ya mkunazi, kuyatwanga na kuyavuruga kwenye ndoo mpaka yatoe povu. Chumbani haingii. Baadaye akaruhusiwa kuingia kushika kata na kumimina maji pale anapoonyeshwa, huku macho yake yakiwa kwenye maji tu. Kushika mwili kulikuja mwisho, bibi alipokwisha kuhakikisha kwamba mkwe wake hana mdomo. Ndivyo alivyosema: mikono utafundishwa, mdomo uje nao kwenu.

Taratibu zenyewe ni za siku zote, na kila mwosha wa Kiislamu anazijua. Mtume aliwaelekeza wanawake waliomwosha binti yake waoshe kwa witiri, mara tatu au tano au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, na mwisho watie kafuri. Waanze upande wa kulia na viungo vya udhu. Ummu Atiyya, mmoja wa wanawake wale, ndiye aliyesimulia kwamba nywele walizisuka mikia mitatu wakaiweka nyuma. Sanda ya mwanaume ni vitambaa vitatu, ya mwanamke ni vitano. Haya yote yameandikwa na yanasomeshwa. Ambayo sijayaona yameandikwa mahali ni yale mama aliyoyaongeza kwa tabia yake.

Kwanza, maji aliyajaribu kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Pili, alizungumza na maiti. "Bibi, tunakugeuza sasa." "Mwanangu, samahani, mkono huu." Kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyotumia kuzungumza na mtu sebuleni. Tatu, chumbani hakukubali mtu asiye na kazi. Shangazi wa marehemu aliyekuja tu "kumwona", dada aliyefika na safari kutoka Dar es Salaam, wote waliambiwa kwa adabu wasubiri ukumbini, watamwona akishakuwa tayari. Kuna waliokasirika. Na la nne, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: akimaliza alitoka, akasimama mlangoni, akasema maneno yale yale kwa kila maiti, tajiri na maskini, aliyeugua mwaka mzima na aliyegongwa na gari asubuhi: "Alhamdulillahi, ametengenea." Hakuongeza, hakupunguza. Wengine waliosha pamoja naye watu wao na wakatoka kusimulia kwamba uso ulikuwa unang'ara, au kwamba maiti alikuwa mwepesi. Mama hakupenda hata sifa hizo. Alisema ukimsifu mmoja kwamba uso wake uling'ara, yule wa jana ambaye hukumsema, nduguze watafikiri nini?

Hapo lazima niseme kuhusu mji wetu, kwa sababu kazi ya mama isingekuwa vile ilivyokuwa kama Tanga isingekuwa Tanga. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miaka mingi baada ya hapo mashamba yaliita watu kutoka kila pembe: Njombe, Songea, Kigoma, Burundi, Msumbiji. Manamba, ndivyo walivyoitwa. Mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha nailoni ikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakadhoofu, na wazee wale ambao kwao walishakusahau wakahamia mjini na watoto wao. Ukitembea Makorora, Mabawa au Ngamiani yenyewe unawakuta wajukuu zao. Wanawake wengi wa kizazi kile walifia kwenye vyumba vya kupanga, hawana dada, hawana shangazi wa kuwageuza. Mama alikwenda. Akifika na kukuta mlangoni watu wameanza kuuliza marehemu alikuwa kabila gani, alikuwa akiswali au haswali, aliwauliza wao: "Amekufa akiitwa nani?" Wakimtajia jina la Kiislamu alipanda baiskeli kufuata vifaa vyake, na mjadala uliishia hapo.

Baiskeli, naam. Mgeni akija Tanga hushangaa wanawake watu wazima, na mabuibui yao, wanavyoendesha baiskeli bila wasiwasi. Mji ni tambarare na sisi tumezaliwa tunaona hivyo. Ya mama ilikuwa nyeusi, ya kike, na kapu mbele. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Sikumbuki amewahi kukaa akaisifu kazi ya mkewe. Ila kila usiku kabla ya kulala alitoka uani, akabonyeza matairi, akajaza upepo, akajaribu taa ya dinamo. Watu hufa usiku, na yeye hakutaka mkewe aamshwe saa nane akute tairi limelala. Nimeolewa, nimezaa, nimeona ndoa nyingi za kujionyesha. Kwangu mimi ile pampu ya baba bado ndiyo mfano wa mume.

Sasa niseme habari za mfuko wa sanda, maana ndio unaotajwa zaidi.

Baada ya vita vya Kagera kwisha mwaka 1979, hadi katikati ya miaka ya 1980, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Waliokuwa watu wazima wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na nguo. Bafta nayo ikapotea. Mtu anafariki alfajiri, na kuzikwa ni siku hiyo hiyo, wanaume wanazunguka mjini kutafuta kitambaa cheupe hadi adhuhuri. Mama alishawahi kumsitiri bibi mmoja kwa mashuka yake mwenyewe ya kitandani, yakafuliwa, yakaanikwa, yakapigwa pasi ya mkaa huku watu wakisubiri barazani. Dini inaruhusu, nguo safi yatosha. Lakini wale watoto wa marehemu walilia kilio cha pili, cha aibu, na mama alirudi nyumbani siku hiyo akiwa kimya mpaka usiku.

Asubuhi yake akamfuata jirani yetu, mama wa Kibena, Mkatoliki, fundi cherehani aliyekuja Tanga mgongoni mwa mama yake enzi za mkonge. Wawili hao ndio walioanzisha mfuko. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: kila mwanamke atoe alichonacho kila mwezi, hata kama ni shilingi mbili, na popote bafta itakapoonekana inunuliwe na kuwekwa, awepo maiti asiwepo. Fundi akikata, mama akitunza kwenye sanduku la bati lenye karafuu ndani ili wadudu wasiingie. Mkristo akifariki, mfuko ulitoa kitambaa vile vile, na mama alikwenda kufagia uwanja na kupika kama wengine. Sikuona hata mara moja wawili hao wakikaa kujadili dini. Walijadili bei.

Kurasa za kwanza za daftari la mfuko zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na tarakimu zake. Katikati zinabadilika. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mama alihudhuria kisomo jioni, akakaa pia kwenye vikundi vya kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Herufi za Kizungu alikuwa anazijua kwa hiyo, ila hazikuwa zake. Alizihamia kwa sababu ya yule fundi, ambaye hakuweza kusoma Kiarabu na alikuwa na haki ya kukagua hesabu. Hilo ndilo jambo ninalotaka wanawake wenzangu wa vikundi vya kukopeshana walitazame. Mama alibadili mwandiko wake wote, ukubwani, ili mwenzake aweze kumkagua.

Zama za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, baada ya 1985, maduka yakajaa tena. Baadhi ya wanachama wakasema mfuko uvunjwe, sanda si tatizo tena, wagawane kilichopo. Mama akawaambia kitambaa kimerudi lakini fedha haijarudi. Alikuwa sahihi. Miaka michache mbele viwanda vya Tanga vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine, baba naye akapunguzwa, na bafta ilijaa madukani huku watu wakipita wakiitazama.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuja na Ukimwi. Ugonjwa uligundulika nchini mara ya kwanza Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa. Sisi mtaani tulianza kuzika kwa wingi miaka ya 1990. Nilikuwa nimeshaanza kumfuata mama, bado niko kwenye hatua ya kata na ndoo. Binti mmoja alirudishwa kwa mama yake kutoka mji mwingine, amekwisha, na hakukaa sana. Tulipofika kumwosha tulikuta waosha wenzake mama wako barazani. Hakuna aliyetaka kuingia. Mmoja alipendekeza amwagiwe maji kwa mbali. Mwingine akasema apigwe tayamamu, basi.

Mama hakuwagombeza. Akaomba mifuko ya plastiki, ile ya Rambo, akaivaa mikononi, akafunga vifundo kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia naogopa. Akasema, "Simama basi pale kwenye ndoo, hapo panatosha." Akamwosha yule binti peke yake, mara tatu, mara tano, na kila alipomgeuza alimwambia. Alipomaliza alitoka mlangoni akasema ametengenea.

Baadaye alikwenda hospitali kumtafuta muuguzi aliyemfahamu, akamuuliza maswali yake yote bila kuona haya: ugonjwa unapitaje, maji ya maiti yana nini, kidonda kifanyweje. Akarudi na boksi la glovu, na juma lililofuata muuguzi mwenyewe akaja kukaa uani kwetu chini ya mkunazi akawaeleza waosha: kumgusa maiti kwa mkono uliofunikwa hakuambukizi, funika michubuko yako, tumia jiki kwenye maji yaliyomwagika, nawa kwa sabuni. Wale waliobaki barazani siku ile waliitwa nao, na walikuja. Mama hakuwakumbusha. Tangu hapo glovu zikaingia kwenye hesabu za mfuko.

Lakini huko ndani ilikuwa nusu ya kazi. Mama wa yule binti alikuwa akiuza vitumbua barazani kwake, na baada ya mazishi wateja walikatika. Sinia linatoka limejaa, linarudi limejaa. Watu walikuwa wakisema mtoto wake kakanyaga waya, yaani kafa kwa Ukimwi, na vitumbua vinakandwa kwa mikono. Mama akaanza kwenda pale kila asubuhi baada ya swala. Anakaa kwenye kigoda upande wa barabarani, penye macho ya watu, ananunua vitumbua vyake na kuvila pale pale na chai, polepole, akisalimiana na kila apitaye. "Shikamoo." "Marahaba, karibu kitumbua." Mtu ambaye ndiye aliyemwosha mwanawe anakula kwa mikono ile ile, nani angebaki na la kusema? Ilichukua muda, ila sinia lilianza kurudi tupu.

Nimesikia mawaidha mengi kuhusu kuwasaidia wajane na wafiwa, na mengi ni mazuri. Mimi nikitafuta maana ya ibada ya mama namwona kwenye kigoda kile. Swala tano hakuacha, Jumatatu na Alhamisi alifunga, darsa la wanawake alihudhuria, na maulidi ya Mfunguo Sita alipika kama kila mtu. Hayo alikuwa nayo na wengi wenzake walikuwa nayo. Kukaa kwenye kigoda siku baada ya siku kwa ajili ya heshima ya muuza vitumbua, hilo lilikuwa lake.

Kusitiri kwenyewe kuna mpaka, na huo mpaka niliuona kwa macho yangu. Sitasema mwaka wala mtaa. Tuliitwa kumwosha mke wa mtu ambaye, tulivyoambiwa, aliteleza chooni. Mama alianza kama kawaida. Akafika mahali akasimamisha mkono. Akaangalia tena, kwa utulivu. Akamfunika vizuri, akaniambia nizime maji, akatoka. Hakusema ametengenea. Alimwita dada mkubwa wa marehemu pembeni, kisha imamu, na akawaambia kwamba yeye hataendelea mpaka mwili huu uonwe na daktari na polisi.

Nyumba ilichafuka. Wazee walisema maiti anacheleweshwa, jambo ambalo dini hailipendi. Mmoja akamkumbusha hadharani kwamba mwosha ameamrishwa kuficha anachokiona. Mama akamjibu kwa adabu, kichwa ameinamisha kwa sababu mzee yule alikuwa rika la baba yake: "Mzee wangu, siri ya maiti ni ya maiti. Hii niliyoiona si yake, amewekewa." Imamu alisimama upande wake, na hilo lilimwokoa. Kesi ilikwenda mahakamani. Yaliyoamuliwa huko si yangu kuyasimulia. Kuna nyumba ambazo baada ya hapo hazikutuitikia salamu, na mama aliendelea kuzisalimia.

Nalisimulia hili kwa makusudi. Maneno ya stara na heshima ya familia yanatumika sana kwetu pwani kuwanyamazisha wanawake, wakiwa hai na wakiwa wamekufa. Mama, ambaye sijaona mtu wa siri kama yeye, hakukubali siri yake itumike hivyo. Mwosha yeyote anayesoma hapa ajue kwamba kunyamaza mbele ya alama za kipigo si sehemu ya kazi yetu.

Nyumbani kwetu maisha hayakuwa mepesi. Tulikuwa watoto sita. Baba alipopunguzwa, mama aliuza bagia na mkate wa kumimina jioni, na mara ngapi unga umeumuka mtu anagonga mlango, sisi ndio tunabaki kumimina. Idi moja aliitwa baada tu ya swala na akarudi magharibi. Tulinuna. Alikaa nasi ukumbini, akala kile tulichomwekea, akamuuliza kila mmoja amepata nini kwa nani, hadi usiku ukawa Idi.

Palikuwa na jambo tulilobishana hadi mwisho. Familia moja yenye uwezo ilimletea bahasha baada ya mazishi. Ada ya skuli ya mdogo wangu ilikuwa haijalipwa, na mama alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Akaifungua bahasha mbele yao, akazihesabu, akaandika kwenye daftari la mfuko kwa jina lao. Nilimwambia usiku ule kwamba wanazuoni wameruhusu mwosha kulipwa. Akasema, "Wameruhusu. Ila nikizoea bahasha, asiye na bahasha ataona haya kuniita." Jibu zuri, na bado sikubaliani nalo lote. Wanawake tunaofanya kazi hii leo tunatoka mbali, Pongwe, Duga, Mikanjuni, na bodaboda saa tisa usiku haichukui dua. Baada ya mama kufariki tuliweka nauli kwenye bajeti ya mfuko: nauli tu, sawa kwa wote, na inatoka kwenye mfuko, haitoki mkononi mwa mfiwa. Naamini angenuna kidogo, kisha angekagua hesabu.

Alipata kiharusi, akalala miezi, na akili yake ilibaki nzima. Alichagua mwenyewe watakaoingia chumbani: mimi, dada yangu, na wawili wa wanafunzi wake. Jirani yetu fundi, ambaye naye alikuwa ameshazeeka sana, alikata vitambaa vitano kwenye meza yake, bila mashine, kwa mkasi, na hakukubali kusaidiwa. Maji aliyachemsha mkwewe. Nami nilimgeuza mama yangu na kumwambia kwamba tunamgeuza. Yaliyobaki ya chumba kile ni ya chumba kile. Nilipotoka niliwakuta watu wamejaa ukumbi mpaka barabarani, nikasema yale aliyokuwa akisema yeye.

Mfuko unaendelea. Siku hizi watu wengi wanafia hospitali na misikiti kadhaa ina vyumba vya kuoshea, kwa hiyo waosha hatuingii sana vyumba vya kupanga kama zamani. Sanduku nimelitoa kwangu, liko kwa mwenzangu ambaye nyumba yake iko barabarani na dirisha lake linagongeka usiku. Jumamosi baada ya alasiri tunafundisha wasichana, na wanaanzia kwenye maji kama alivyoanza mama.

Kilichotusumbua zaidi ya vyote ni simu. Kuna aliyejaribu kupiga picha chumbani ili awatumie ndugu walio nje. Tukakaa, tukaamua: simu zote zinaingia kapuni mlangoni, za waosha na za ndugu. Mwaka jana kijana mmoja aliyeko Oman alifiwa na mama yake, akapiga akidai tumwonyeshe kwa video wakati tunaosha, kwamba ni mama yake na ana haki. Nilimpa pole, nikamwambia dada yake atamwonyesha uso baada ya kuvikwa sanda, ukumbini, akipenda. Alinijia juu, akasema sisi ni watu wa zamani, akakata. Usiku ule ule alipiga tena. Alilia kwanza, na nilimwacha alie. Kisha akaniuliza mfuko unapokea michango kwa namba gani.